Mtutu wa kopi kwenye bunduki orijino: dukani ni spea, mpakani ni silaha

MUNUNGA, Ziwa Mweru – Kwa wafanyabiashara wa Mununga, Kashikishi na mwambao wote wa mashariki wa Ziwa Mweru, kuchanganya spea za kitu orijino na za kopi yake si jambo la ajabu. Pistoni ya kopi huwekwa kwenye injini ya boti ya Yamaha, cheni ya Kichina huvishwa pikipiki ya Kihindi, na safari inaendelea. Fundi husema tu "inaingia", na neno hilo linatosha.

Mantiki hiyohiyo ndiyo inayoleta matatizo linapokuja suala la bunduki. Mtu mwenye bunduki ya marisau yenye leseni, ambayo mtutu wake umeliwa na kutu ya unyevu wa ziwa au umebonyea, huambiwa kwamba mtutu wa kopi kutoka China au Uturuki utaingia bila shida, kwamba bei yake ni nafuu, na kwamba dereva yeyote anayetoka Dar es Salaam, Nakonde au Lubumbashi anaweza kuubeba nyuma ya kiti. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo inaweza kuwa kweli. Sehemu ya mwisho inaweza kumfikisha dereva mahakamani na lori la tajiri wake likabaki kwenye uwanja wa polisi kama kielelezo.

Suala hili lina pande mbili, ya chuma na ya karatasi, na kwa kawaida watu huzungumzia ya kwanza tu.

Je, kweli inaingia?

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni Remington 870 ya Marekani, bunduki ya kuvuta kwa mkono wa mbele iliyoingia sokoni mwaka 1950. Zaidi ya milioni 10 zimetengenezwa tangu wakati huo. Haki za ubunifu wake zilikwisha muda zamani, na kampuni ya Norinco ya China ikatoa kopi yake, ambayo huuzwa kwa majina ya HP9-1 na Hawk 982. Marekani ilipozuia uingizaji wa silaha za China mwaka 1994, bunduki za marisau za uwindaji na michezo ziliachwa nje ya zuio hilo. Kwa hiyo orijino na kopi zikauzwa bega kwa bega, na wenye bunduki wa huko wakapata nafasi ya kujaribu wenyewe kubadilishana mitutu.

Jibu walilopata ni kwamba mara nyingi inaingia, lakini si kila mara. Ipo inayokaa bila kuguswa, na ipo ambayo pete ya chini au kipande cha nyuma lazima kisuguliwe na fundi ndipo kikae. Kopi hazitoki katika kipimo kimoja kama orijino zinavyotoka, hivyo aliyefanikiwa jana hawezi kumhakikishia wa leo.

Na hata inapoingia, kuna jambo ambalo muuzaji halisemi. Katika 870, komeo linaloziba nyuma ya risasi halishikilii mwili wa bunduki. Linashika tundu lililoko kwenye kipande cha nyuma cha mtutu wenyewe. Maana yake ni kwamba anayebadili mtutu amebadili pia kufuli ya bunduki. Tofauti ya kipimo isiyoonekana kwa macho inaweza kuacha nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi, na bunduki bado ikafunga, ikafunguka, hata ikalia mara kadhaa bila kuonyesha dalili. Nafasi hiyo hupimwa kwa vipimo maalumu na fundi wa silaha mwenye leseni. Kutikisa mtutu na kusikiliza kama unacheza si kipimo.

Kuna pia suala la urefu wa chemba, ambalo linahusu bunduki zote za nambari 12 na limewaponza wengi. Chemba ya kawaida ni milimita 70, na ile ya risasi kubwa zaidi ni milimita 76. Bunduki kadhaa za zamani za Uingereza zina chemba fupi zaidi, milimita 65, na zilitengenezwa kwa risasi zenye nguvu ndogo. Urefu unaoandikwa kwenye boksi la risasi ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Kwa sababu hiyo risasi ya 76 ikiwa bado imekunjwa mdomo huingia vizuri kabisa katika chemba ya 70. Shida huanza inapolipuka, kwa kuwa mdomo wa ganda hukosa mahali pa kufungukia na msukumo hupanda kupita kiasi. Katika 870 lipo tatizo jingine dogo zaidi: mtutu wa 76 unaweza kukaa kwenye mwili uliotengenezwa kwa risasi za 70, ila maganda marefu hayatatoka vizuri, kwa kuwa kitoa-ganda kiko kwenye mwili na si kwenye mtutu.

Kuhusu zile bunduki za mitutu miwili zinazokunjika katikati, ambazo familia nyingi zimezirithi, habari ni fupi. Mitutu yake ilisuguliwa kwa mkono ikae kwenye mwili mmoja tu. Hata bunduki mbili za kiwanda kimoja na mwaka mmoja haziwezi kubadilishana. Anayeuza mtutu wa "kuingia popote" kwa bunduki ya aina hiyo anauza bomba.

Inafaa kukumbuka kwamba uliwahi kuwapo wakati ambapo viwanda vilihangaika vitu visiingiliane. Kampuni ya W.W. Greener ya Birmingham ilitengeneza bunduki ya risasi moja kwa ajili ya polisi wa Misri enzi za Waingereza, ikiwa na risasi ya kipimo chake yenyewe. Wezi walipopata njia ya kuidanganya, toleo la baadaye likapewa risasi yenye umbo la chupa, ili bunduki iliyoibwa isiweze kulishwa risasi za dukani. Leo soko limekwenda kinyume chake: kopi inauzika kwa sababu inaingiliana na orijino.

Orijino yenyewe nayo imeyumba. Remington iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2018, ikarudi tena mahakamani mwaka 2020, na mali zake zikauzwa vipande vipande kwa wanunuzi tofauti. Kiwanda chake cha Ilion, New York, kilifungwa mwaka 2024 na kazi ikahamishiwa Georgia. Wakati huohuo viwanda vya Uturuki vimekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bunduki za marisau duniani, nyingi zikifuata michoro ya Wamarekani na Waitaliano. Mnunuzi wa Luapula anayetafuta mtutu atakutana na kopi kabla ya orijino, na hilo halitabadilika karibuni.

Kwa nini ushauri wa intaneti unapotosha

Sehemu kubwa ya maelezo yanayosambaa kuhusu kubadilishana mitutu imeandikwa na Wamarekani, na wanaandika kwa kufuata sheria ya kwao. Huko, tangu sheria ya mwaka 1968, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni mwili wake, ule wenye namba. Mtutu ni spea. Mtu anauagiza kwa posta kama anavyoagiza taa ya gari, bila leseni na bila kuulizwa.

Anayesoma maelezo hayo akiwa Nchelenge, Pweto au Sumbawanga anasoma sheria ya watu wengine. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001, ambayo Zambia, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimejiunga nayo, inataja sehemu za silaha kwa majina, na mtutu ni wa kwanza katika orodha hiyo. Baada yake wanafuata mwili, komeo na hata kifaa cha kupunguza sauti. Itifaki ya SADC iliyotiwa saini Blantyre Agosti 2001 nayo inaunganisha silaha, risasi na spea ambazo silaha haiwezi kufanya kazi bila hizo. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayozihusu Tanzania na Kongo lakini si Zambia, inakwenda mbali zaidi kwa kuzihesabu sehemu za silaha ndogo kuwa ni silaha ndogo zenyewe. Hata Ulaya, maagizo ya mwaka 2017 yaliutaja mtutu kuwa sehemu ya msingi ya silaha inayopaswa kuwekwa alama yake.

Chini ya itifaki hizo kuna sheria za nchi zenyewe: Sura ya 110 ya sheria za Zambia, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, na amri ya kisheria namba 85-035 ya Kongo ya mwaka 1985. Zinatofautiana katika adhabu na taratibu, lakini mbebaji wa mtutu asitegemee kusikia kwa askari wa nchi yoyote kati ya hizo kwamba alichobeba ni spea tu.

Forodha nao wana lugha yao, na mawakala wa Nakonde na Kasumbalesa wanaijua. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, silaha na sehemu zake ziko sura ya 93. Bunduki za marisau ni kichwa 9303, sehemu zake ni 9305. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2012 mtutu wa bunduki ya marisau ulikuwa na namba yake pekee, 9305.21, na sasa umeunganishwa na sehemu nyingine katika 9305.20. Invoisi inayouita "bomba la chuma" imeupeleka sura ya 73, na inayouita "spea" ya gari imeupeleka 8708. Zote mbili ni tamko la uongo, na tamko la uongo kuhusu bidhaa inayohitaji kibali haliishii kwenye faini ya tofauti ya ushuru. Utaratibu rahisi wa COMESA ambao wafanyabiashara wadogo wanaufahamu kwa mchele, sabuni na samaki haugusi bidhaa za sura hiyo kabisa.

Namba iko wapi?

Swali ambalo askari wa kizuizini atauliza ni la namba, na hapa kopi na orijino zote zinamwacha dereva bila jibu. Kwenye 870 namba ya usajili iko kwenye mwili wa bunduki. Mtutu una herufi za kiwandani za tarehe na ukaguzi, lakini hauna namba inayoufunga na bunduki fulani. Leseni ya mmiliki, kwa upande wake, inaonyesha namba ya bunduki. Kwa hiyo hata mwenye leseni halali, akimtuma dereva amletee mtutu, hana karatasi inayosema kwamba kipande kile cha chuma ni chake. Nakala ya leseni iliyokunjwa mfukoni mwa dereva inathibitisha kwamba kuna bunduki mahali fulani Mununga. Haisemi lolote kuhusu mtutu ulioko kwenye gari.

Katika bunduki za mitutu miwili hali hugeuka. Namba huwa imegongwa kwenye mitutu na kwenye mwili pia, na mkaguzi akizikuta hazifanani, mwenye bunduki anatakiwa kueleza mitutu ya mwanzo ilikwenda wapi. Tanzania ilipofanya uhakiki wa silaha za raia nchi nzima mwaka 2016, waliotakiwa kufika walitakiwa kufika na silaha na karatasi zake. Katika zoezi la namna hiyo, ukarabati ambao haukuandikwa popote unaonekana sawasawa na wizi.

Lazima pia kuangalia jambo hili kwa macho ya polisi. Kwa fundi wa magobole wa kijijini, kitu kigumu kupatikana ni mtutu wa kiwandani. Mitutu mitatu au minne isiyo na bunduki ndani ya gari moja haifanani na mzigo wa wateja wenye kutu. Inafanana na mzigo wa mtu anayeunda silaha, na mpelelezi ataanzia hapo.

Na ziwa lenyewe lina kumbukumbu. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka mikononi mwa waasi na washirika wao wa Rwanda, maelfu ya wakimbizi pamoja na wanajeshi wa serikali ya Kinshasa walivuka kuingia Zambia, na wanajeshi hao wakavuliwa silaha zao. Oktoba 2004 ilikuwa zamu ya Kilwa, ng'ambo ya Nchelenge, na watu wakavuka tena kwa boti. Mapigano ya Tanganyika na Haut-Katanga ya mwaka 2017 yaliijaza wilaya ya Nchelenge wakimbizi hadi makazi ya Mantapala yakafunguliwa mwaka 2018. Tena hifadhi ya Mweru Wantipa iko jirani, na ujangili ni kesi inayojitegemea. Chuma chochote chenye umbo la bunduki katika eneo hili kinaangaliwa kwa jicho ambalo spea ya boti haiangaliwi nalo.

Anayebaki na lawama ni mbebaji

Mfano wa karibuni unaoeleweka na wasafirishaji hautoki Afrika Mashariki, unatoka Nigeria. Januari 2017 forodha ya Lagos ilisimamisha lori lenye kontena la futi 40. Karatasi zilionyesha milango ya chuma. Nyuma ya milango hiyo kulikuwa na bunduki 661 za kuvuta. Septemba mwaka huohuo kontena jingine lilikutwa na bunduki 1,100, na forodha wakasema limetoka Uturuki. Kiasi hicho hakilingani na mtutu mmoja uliofungwa kwenye gunia, hilo ni kweli. Lakini njia ni ileile: chuma kilichoandikwa kuwa chuma kingine, kikitegemea kwamba mwenye gari hatafungua.

Mwenye mzigo anaweza kuwa hewani, simu imezimwa. Dereva yupo, lori lipo, na jina kwenye manifesti ni la kampuni. Tajiri wa magari anayeruhusu madereva wake wachukue vifurushi vya njiani bila kuviandika amekubali kubeba hatari hiyo kwa malipo ya soda mbili. Kwa waendeshaji wa boti za Kilwa na Pweto hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mizigo mingi haina manifesti kabisa, na chombo chote huhesabiwa kuwa cha nahodha.

Njia halali ipo, ingawa ni ndefu. Inaanzia kwa polisi wanaosimamia leseni ya bunduki husika, si kwa muuzaji. Itifaki ya mwaka 2001 inataka nchi inayotoa mzigo ihakikishe kwanza kwamba nchi ya kupokea imetoa kibali, na kwamba nchi ya kupitia imeandika kwamba haina pingamizi. Kwa mtutu wa kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Luapula, maana yake ni kibali cha Zambia kabla chombo hakijaondoka kiwandani, na barua ya Tanzania kabla hakijafika bandarini. Itifaki hiyo pia inaziruhusu nchi kuweka utaratibu mwepesi kwa silaha zinazovuka kwa muda kwa ajili ya kutengenezwa, lakini inasema zinaweza, haisemi lazima. Kwa mtutu mmoja, gharama na muda wa hatua hizo zote unaweza kuzidi bei ya bunduki nyingine inayouzwa na duka lenye leseni ndani ya Zambia, ikiwa na karatasi zake. Mmiliki afanye hesabu hiyo kabla ya kumpigia dereva simu.

Limebaki suala la barabara, na hapa wengi hujikwaa bila kujua kwamba wamevuka mpaka. Fundi wa silaha mwenye leseni ni rahisi zaidi kumpata Copperbelt au Lusaka kuliko Luapula, na bunduki yenye leseni ya Zambia inaweza kutumwa huko ikatengenezwe bila kutoka nchini. Lakini njia fupi ya kutoka Mansa kwenda Mufulira hupita daraja la Levy Mwanawasa pale Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, kisha hukata kilomita 70 hivi za ardhi ya Kongo hadi Mokambo. Mwenye mchele hupita hapo kila wiki akijiona yuko safari ya nyumbani. Mwenye bunduki au mtutu akipita hapo, ametoa silaha nje ya Zambia, ameiingiza Kongo, ameitoa Kongo na kuirudisha Zambia, mara nne mbele ya maofisa, huku leseni yake ikitambuliwa na upande mmoja tu. Njia inayobaki ndani ya Zambia mwanzo hadi mwisho ni ya Samfya, daraja la Luapula na Serenje. Ni ndefu zaidi na inakula dizeli zaidi, na mteja anayetaka bunduki yake ifike kwa fundi ndiye anayepaswa kuilipia.